Begonia ya Zenta

Arvīds wa ghorofa ya nne alibisha kwangu
saa mbili za usiku, Januari, Riga imezama kwenye theluji,
amekumbatia chungu kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.
"Velga, si ulikuwa muuguzi? Mtazame."

Mtazame, alisema. Sikumsahihisha.

Chini ya taa ya jikoni niliinua jani moja.
Madoa yalilowa kama karatasi iliyofungiwa maandazi,
kila doa limejivika pete ya njano.
Nikalielekeza kwenye taa, mwanga ukapenya.
Kuvu angeacha unga, angeacha vinyweleo;
hapa hapakuwa na unga.
Nikanusa shina pale linapobusu udongo:
samaki wa juzi.
Nimestaafu, pua bado iko kazini.

"Ni kiu," akasema, "nitazidisha maji."

Nilikata kipande cha shina,
nikakining'iniza katika glasi ya maji safi,
tukakaa kimya kama jamaa wanaongoja majibu ya maabara.
Dakika ya tatu ukachuruzika uzi mweupe,
mwembamba, moshi wa sigara iliyosahaulika,
ukashuka,
ukashuka,
hadi maji yakawa tui jepesi.

"Bakteria," nikamwambia. "Wameshaingia kwenye mishipa."
"Na dawa?"
Miaka thelathini na moja wodini
hainifundishi bado namna ya kujibu swali hilo.

Kisha akanieleza, bila kuulizwa,
jinsi anavyoyanyunyizia majani kila asubuhi
kwa chupa ya manukato ya marehemu,
maana ndivyo Zenta alivyofanya.
Tone hurukia jani, jani humwaga kwa jirani,
na vijidudu hupanda humo bila nauli.
Hilo sikulisema.
Alilielewa mwenyewe, akavua miwani.

Aliomba jani moja tu, lile lisilo na doa, alipande.
Nikakataa.
Mfuko wa plastiki, fundo mbili, pipa la taka,
wala si lundo la mbolea kule uani.
Kisu nikakitia spiriti, kisha mikono yangu, kisha yake.
Kwa violeti zake mbili zilizosalia nikamwagiza:
maji shinani tu, zisikae zimegusana,
na dirisha lipumue kidogo hata kwenye baridi hii.

Alfajiri nilipokuwa nakoroga chai
nilimwona ng'ambo ya ua, dirishani pake.
Chungu kilichosuguliwa kimefudikizwa, kitupu.
Naye, chupa mkononi,
ananyunyizia kioo.
Matone yaliganda pale pale,
meupe, yenye matawi.