Mlima Ulionyolewa

Saa tisa usiku, Mendoza. Kompyuta imemaliza hesabu
na kuniletea milima ya Andes imenyolewa.
Kila mraba kilomita tatu kwa tatu, kila mraba kimo kimoja,
wastani wa mwamba na bonde na theluji na hewa tupu.
Tupungato, ninaouona kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni,
humu ndani umepungua mita mia tano na ushei,
mabega yamelainika
kama sabuni ya wiki ya pili.

Hatuna budi. Mlima mkali huvuruga hesabu:
tarakimu huanza kutetemeka, kisha hupiga kelele,
kisha modeli nzima hufa ikiwa saa ya kumi na nne ya utabiri
na kuacha mstari mmoja mwekundu kwenye skrini.
Basi twaupiga msasa mlima, ili usemeke.

Upepo haujui msasa wetu.
Hutoka Pasifiki umelowa, hupanda upande wa joshi,
huitua mizigo yake yote Chile,
huvuka kilele mkavu, na hasira ya aliyekwisha kutoa kila kitu,
hushuka, hupitiliza, hurudi juu, hupitiliza tena,
ukayumba hivyo kilomita mia mbili upande wa demani,
wimbi nyuma ya wimbi, yamesimama palepale,
na upepo ukipita ndani yake kama uzi ndani ya shanga.
Mawingu yake hukaa juu, laini, yamerundikana,
sahani ambazo hakuna aliyekumbuka kuziosha.

Jumanne moja ya Agosti modeli ilisema: wastani. Rangi ya njano.
Nami nikaandika WASTANI, nikatia saini,
nikanywa kahawa iliyopoa.
Saa nne na dakika kumi na saba Baudilio Arancibia,
rubani wa mizigo, mayai na vipuri vya trekta,
akaita redioni: "Msukosuko mkali."
Kimya. Kisha: "Mayai yamekwisha."
Sauti ya mtu anayefunga hesabu za duka.

Alikuja ofisini jioni, ute umemkauka begani,
akataka kuiona ramani. Akaweka kidole.
"Hapa mlichora nini?"
Njano, nikasema.
"Hapa," akasema, "pana ngazi iliyong'olewa vipandio vitatu."

Siku hizi naiendesha modeli mara ishirini.
Nusu digrii huku, fundo mbili za upepo kule,
ndugu ishirini wa tumbo moja
na kila mmoja anakua na tabia yake.
Usiku huu kumi na mmoja wanasema shwari.
Sita wanasema wastani.
Watatu wanapiga mayowe.

Wengi wape, husema watu. Lakini wape nini?
Anga haipigi kura.

Griselda amepiga simu kutoka kituo cha Malargüe:
joto limepanda digrii tisa kwa dakika arobaini,
unyevu asilimia nane,
na mbwa wake ameingia uvunguni, hatoki.
Nimeandika joto. Nimeandika unyevu.
Mbwa hana nafasi katika milinganyo,
nimemwandika pembeni, kwa penseli.

Milima haikutani, ndivyo tulivyozoea kusema.
Ila nimeona mlima ukitoka mahali pake,
ukapanda hewani umbo lake lote, mabonde yake yote,
ukamfuata mtu hadi mita elfu tisa
kumvunjia mayai.

Nikiandika MKALI na pasitokee kitu,
abiria mia na arobaini watalala kwenye viti vya chuma
wakiniapiza, na watakuwa na haki.
Naandika MKALI. Nafuta. Naandika tena.

Ujumbe kwenye simu, Baudilio:
"Leo nabeba saruji. Haivunjiki.
Lakini mimi navunjika, kwa hiyo sema."

Nje, mpopla wa jirani haujatikisa hata jani.
Nimetia saini.