Alama ya Chaki

Bacolod, wiki ya tatu ya mvua.
Nenita anabingirisha fimbo ya biliadi mezani,
jicho usawa wa kitambaa cha kijani:
mwanga unapenya chini ya mti, unazibwa, unapenya.
Hapo. Anatia alama ya chaki.

Chombo chake ni mguu wa kiti kilichovunjika,
tundu moja, na ngozi ya kiatu ndani
mti usije ukakwaruzika.
Anachomeka, anakandamiza kwa kiganja,
anahesabu hadi arubaini,
anaachia.

Samaki hukunjwa angali mbichi.
Mti huu ulikauka kabla Nenita hajaota meno;
unalia kidogo, unatii kidogo,
unarudi ulikotoka.
Tena.

Fimbo ni ya Eusebio,
aliyeiegemeza ukutani penye unyevu miezi minane,
akashindwa michezo sita, akailaumu meza.

Anabingirisha. Mwanga umebaki, mwembamba kama uzi.
Mwingine angefunga kazi.
Yeye anavua miwani, anaipangusa kwa sketi,
anainama.

Bei ameshaikata nusu.
Atamwambia Eusebio ailaze juu ya kabati, si ukutani,
na Eusebio ataitikia kwa kichwa,
na mvua zijazo atakuja.