Dhamana

Karatasi ilisema thelathini.
Bi Ithungu ameitunza kwenye kopo la biskuti
pamoja na kadi za kliniki za watoto wanne
na stakabadhi ya shamba la Maliba.
Ameikanyaga ngazi isiteleze,
kama anayekanyaga kamba ya mbuzi.

"Thelathini, Thembo. Imeandikwa."

Nami niko juu, saa nne asubuhi,
Kasese imeshawaka kama kikaango.
Vigae vya lami vimelainika chini ya goti langu,
vinanukia barabara mpya.
Upande wa bonde kingo zimejikunja
kama midomo ya mtu aliyekatazwa kusema;
upande wa mlima kuvu imeketi, kijani, haina haraka.
Nahesabu misumari iliyotoa vichwa:
kumi na saba, kisha naacha.

"Huu mwaka wa ngapi?"
"Wa kumi na moja."

Aliyeandika thelathini hakuliuliza jua la hapa,
linalosimama wima utosini,
wala ile mvua ya mawe ya Machi
iliyobonyeza hata sufuria uani.
Aliandikia kwao, theluji inakobisha hodi mlangoni.
Yetu inakaa kule juu, Rwenzori,
haijawahi kumlalia mtu paani.
Na duka lenyewe, pale Kampala, siku hizi linauza simu.

Fundi mkweli hukosa kazi mara mbili:
leo, kwa kuwa kiraka kinatosha;
kesho, kwa kuwa watu hupenda thelathini.
Nikasema hata hivyo.
Kumi na mitano, mama. Kumi na minane
ukifagia mfereji, ukikata tawi lile la mparachichi,
nami nikipigilia upya, nikaziba pale
mapaa mawili yanapokutana.
Ishirini, kwa jua hili, sijaiona.

Akanyamaza. Akahesabu kwa vidole,
na haikuwa hesabu ya paa.
"Nina sabini na miwili," akasema.
"Limebakiwa na saba. Haya,
tutaona nani atavuja kwanza."

Nikashuka na ndoo ya mchanga wa mfereji,
chembe nyeusi, nzito, zilizoachia vigae
mvua moja baada ya nyingine.
Nilitaka kuumwaga barabarani. Akaninyang'anya ndoo.

Niliporudi jioni kuchukua ngazi
alikuwa amechuchumaa, anasugulia masizi ya sufuria,
mchanga ukilia *kwaru, kwaru*,
mpaka kitako cha sufuria kikamwonyesha sura yake.
"Hii," akasema bila kuinua kichwa,
"hawakuiandika."