Mstari wa Upepo

Sechelela amekwenda Mpwapwa kumuuguza mama yake.
Kaniachia watoto watatu, kuku mmoja asiyetaga,
na daftari la hesabu lenye twiga kwenye jalada.
"Usitoke nje ya daftari," alisema,
mguu mmoja tayari umo ndani ya basi.

Mimi kazi yangu ni mizani.
Kutwa napima malori, barabara ya Singida,
namwambia dereva: umezidisha kilo mia nane, shusha.
Nikajiuliza, jiko la mkaa litanishinda nini?

Tarehe mbili nikafungua ukurasa wa mwezi.
Sembe, kilo ishirini na tano.
Maharage ya njano, si mekundu, mekundu yanakula mkaa.
Mafuta ya alizeti, lita tano, kwa Ndahani wa Kizota,
mwambie ni ya Sechelela, asikuchotee ya chini ya pipa.
Dagaa. Karanga za kuungia. Mlenda mkavu upo, usinunue.
Sukari kilo tatu, na TATU imepigiwa mstari mara mbili
hadi karatasi ikatoboka.
Na chini kabisa, peke yake:
Upepo, 9,000.

Nimezaliwa Iramba. Miaka kumi na mbili ya Ugogoni
imenifunza majina ya mboga, ila si yote.
Nikadhani ni mboga.
Pale Majengo nikamwuliza mama wa viungo: upepo unao?
Akaninyooshea kidole nje, vumbi likigeuza miavuli ya watu,
"Jichotee, baba, leo hatupimi."

Jumamosi ya kwanza nilinunua nyama kilo mbili,
ya furaha tu, mshahara ungali moto.
Lameki alipita jioni, akanywa chai vikombe viwili,
kesho yake akapita tena.
Tarehe kumi na moja sukari ikawa hadithi.
Tarehe kumi na tisa, ndani ya kopo la maziwa
mlikuwa na elfu sita mia nne
na kifungo cha shati.

Nyemo, wa darasa la nne, alisimama mlangoni mwa jiko.
"Baba, mama hupimia mchele kikombe cha bluu, siyo hicho."
Nikabadilisha kikombe.
"Na nyanya hununua saa kumi na mbili, wakati wanafunga."
Nikanyamaza.
"Na Jumatano mama huwa hana njaa."
"Kila Jumatano?"
"Kila Jumatano."

Usiku nikapiga simu Mpwapwa. Bibi anaendelea, uji anakunywa.
Nikauliza: hivi upepo ni nini?
Kimya. Halafu kicheko kile cha kuzibwa na kanga.
"Upepo ni wewe, Baba Nyemo.
Ni jero unayochomoa koponi ukidhani kopo halina macho.
Ni Lameki. Ni vocha. Ni 'nimemkopesha mtu, atarudisha.'
Nilijaribu kuuziba miaka minne,
mwisho nikauandikia bei yake, nikalala."

Nikakaa na penseli hadi taa ya jirani ikazimwa.
Yeye aliniwekea elfu tisa.
Mimi nimevuma elfu thelathini na nne.
Ningekuwa lori, ningejirudisha Manyoni.

Leo Jumatano, tarehe ishirini na saba.
Mlenda upo. Sembe ipo, ya kukung'uta mfuko.
Nimepakua sahani tatu, nikapangusa meza,
nikasema, kuleni tu, mimi sina njaa.
Nyemo akanitazama
jinsi ninavyomtazama dereva
anayeapa kwamba lori ni tupu.