Fundo

Miezi minane nimelificha chini ya mkono wa blauzi:
punje ya kunde, kisha kokwa ya zambarau.
Nikiligusa, umeme hukimbia hadi kidole cha mwisho
na sindano hudondoka.

Kiboriloni walisema saratani, walisema mkono wa mtu.
Mama Ndeshimuni akaleta mafuta ya nyonyo. Nilipaka.

Leo Moshi mvua, na jeli ni baridi kuliko mvua.
Kijana wa Kirua anatembeza kifaa
taratibu, kama anayepiga pasi hariri.
"Tazama." Anageuza kioo.
Kijivu, kijivu, kijivu,
kisha mstari mwembamba
unaingia duarani upande huu,
unatokea upande ule.
Haukukatika.

"Huu mshipa wa fahamu," anaanza, "na huu uvimbe..."
Namkatiza. Miaka ishirini na mbili nashona mitumba,
uzi wenye fundo nishindwe kuujua?

Anacheka. Neno kubwa hasemi.
Mashine ya sumaku ni Alhamisi, daktari ndiye msomaji.
"Ila kingo zake safi. Wa namna hii, mara nyingi, hauli mwili."

Mara nyingi.

Najifuta jeli kwa pindo la kanga.
Fundo hufunguliwa kwa ncha, bila kuvuta.
Nina suruali tatu za kupunguza kabla ya Alhamisi.