Kumbukumbu Rasmi

Mimi ni karani wa chumba namba mia mbili na nne,
bunge la jimbo, ghorofa ya pili, theluji dirishani.
Miaka kumi na tisa nimeandika
kila litamkwalo humu: kodi ya maziwa, madaraja mabovu.
Vikohozi huwa naviacha.
Maoni sina. Nalipwa nisiwe nayo.

Mwezi Machi Mheshimiwa Garrick Strand alisimama
akasema watoto wa Shule ya Tamarack hawakufa.
Risasi zilikuwa fataki za sinema, damu ilikuwa rangi,
na wazazi ni waigizaji, wamelipwa kulia.
Nikaandika: waigizaji.
Nikaandika: wamelipwa.
Mashine haikuguna. Ilimeza tu,
kama inavyomeza kodi ya maziwa.

Leo, Novemba, kamati ya maadili imeketi,
na Marlys Pruitt amepewa dakika tatu.
Mezani pana taa: kijani, sema; njano, fupisha; nyekundu, nyamaza.
Ni dereva wa basi la shule, amekuja na sare yake.
Picha hakuleta. Picha, alisema, mlishaziita bandia.
Ameleta risiti.
(Herufi mbili tu zinaitenga risiti na risasi;
vidole vyangu vilisita hapo.)

Risiti ya jeneza, futi nne na inchi mbili.
Risiti ya daktari wa meno, waya wa kunyooshea,
awamu ya saba kati ya kumi:
"Bado nalipia meno niliyoyazika."
Risiti ya kufuli nne mpya,
maana walioamini maneno yale
walikuja usiku na kamera, wakagonga, wakaita,
"Tobin, toka! Tunajua uko hai!"

"Na usiku mmoja," alisema, taa ikiwa njano,
"kabla usingizi haujaniachia vizuri,
niliamka nikaenda kumtazama chumbani kwake.
Mnanielewa?
Mtu huyu alinipa tumaini.
Hilo ndilo ninalomdai."

Nyekundu.

Mheshimiwa akajibu kwamba yeye aliuliza tu,
na kuuliza si ujinga.
Kweli, si ujinga. Lakini mimi ndiye niliyeandika siku ile,
na ukurasa mzima sikuweka alama hata moja ya kuuliza.

Kura: watatu kwa watatu. Shauri likaahirishwa hadi Januari.

Jioni akaja mezani kwangu na kahawa mbili.
Kanuni inamruhusu mbunge kusahihisha ulimi ulioteleza,
mwisho Ijumaa saa kumi.
Akataka *waigizaji* isomeke *waathirika*.
"Labda ulisikia vibaya," alisema, kwa upole kabisa.

Heri kujikwaa kidole, bibi yangu angemwambia.
Mimi nilimpa vipokea sauti.
Alijisikiliza. Dakika nne na nusu.
Kahawa ikatanda utando juu.
Alivivua, akaviweka chini polepole, akaondoka,
na kofia yake akaisahau.

Kisha nikairudia kazi ya leo.
Baada ya taa nyekundu, mahali ambapo kwa kawaida
narukia mzungumzaji anayefuata,
nilirudisha kanda nyuma, nikapima kwa saa ya mkononi,
nikaandika, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe,
jambo ambalo hakuna aliyelitamka:

Kimya. Sekunde arobaini na moja.
Mheshimiwa Strand anatazama karatasi zake.
Bi Pruitt hajaketi.