Daftari la Chokaa

Ukurasa wa kwanza nimeupiga mstari kwa rula:
jina, kiasi, sahihi.
Jengo la bustani liliangusha paa mwezi wa masika.
Fundi Nyale kakisia laki nane na sitini,
"bila chai ya vibarua," akaongeza.

Kadzo wa mahamri katoa noti ya mia mbili,
doa la mafuta limepenya hadi ukurasa wa tano.
Shekuwe kaahidi elfu ishirini, mbele ya watu, kwa kipaza sauti.
Ahadi naiandika kwa penseli.
Darasa la sita wameleta sarafu ndani ya soksi;
tumezihesabu mara tatu, tukapata jumla tatu.
Bi Tima hana fedha. Kaleta vifuu vya kuchomea chokaa,
madebe kumi na manne.
Kwenye kiasi nikaandika: moto.

Wapo wanaosema, hospitali ya Malindi haina dawa,
nanyi mwajenga pa kupungia upepo?
Jibu zuri sikuwa nalo.
Nilionyesha kovu begani: hapo ndani ndipo nilipochanjwa.
Hawakuridhika. Hata mimi, nusu tu.

Jumanne akaja mtu nisiyemjua, ovaroli ya makanika.
"Andika faini."
Ya nini?
"Nilikwangua jina langu ukutani kwa msumari,
nikiwa na miaka tisa. Mlinzi hakunikamata."
Akaweka elfu tatu. Risiti hakuingoja.

Usiku nikaenda na tochi kulitafuta jina lake.
Nikakuta ukuta mzima unaongea:
Kahindi. Dhanji. Rukia anampenda
(na hapo plasta imebanduka).
Madeni ya kahawa, bao la mechi isiyokumbukwa,
na chini kabisa, kimo cha mtoto,
Zuwena,
ile Z imegeuka nyuma mbele
kama ninavyoikosea hadi leo nikiwa na haraka.

Chokaa imeiva. Fundi kashika mwiko: "Nipake?"
Kamati tulibishana hadi adhana ya isha,
viti viwili vikavunjika, si kwa hasira, ni uzee.
Mwishowe: kuta tatu zipakwe.
Wa nne ubaki na wadaiwa wake.

Tumepungukiwa elfu kumi na moja na mia nne.
Nimefungua ukurasa mpya, nimepiga mstari:
Zuwena, mweka hazina. Faini. Elfu moja, taslimu.
Sahihi yangu ni ya wino.
Shekuwe bado ni penseli.